Mwimbaji wa Ufilipino Aliyeimba kwa Lugha ya Kwao



Leo tuzungumze juu ya Freddie Aguilar, mwimbaji wa Ufilipino. Alizaliwa mwaka 1953, akafariki tarehe 27 Mei 2025.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, huko Asia. Ilitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300, kisha Wamarekani. Wakoloni waliondoka, lakini Kiingereza kilibaki na heshima yake. Aguilar alipokuwa kijana, nyimbo za Kiingereza ndizo zilizosikika sana redioni.

Sasa sikilizeni. Baba yake alitaka asome awe mwanasheria. Yeye alitaka gita. Alipofika miaka 18 akaondoka nyumbani, akaacha masomo, akaingia katika kamari. Baada ya miaka kama mitano moyo ukamsuta. Akatunga wimbo wa kuwaomba radhi wazazi wake. Wimbo huo unaitwa "Anak", maana yake "Mtoto". Unaeleza jinsi wazazi wanavyomlea mtoto kwa furaha, naye akikua anakuwa jeuri, anapotea, mwisho anajuta. Basi, ndiyo hayo tu! Maneno ni ya kawaida, ya Kitagalogi, yale yanayosemwa nyumbani. Kijana akarudi kwao, wazazi wakampokea.

Mwaka 1978 aliuimba kwenye mashindano ya nyimbo mjini Manila. Hakupata ushindi wa kwanza. Lakini wimbo ulienea nchi nyingi, ukatafsiriwa katika lugha nyingi. Si ajabu. Nani kati yetu hakuwahi kuwa mtoto wa mtu?

Wimbo wake mwingine mkubwa ni "Bayan Ko", yaani "Nchi Yangu". Huu hakuutunga yeye. Maneno ni ya mshairi José Corazón de Jesús, na muziki ni wa Constancio de Guzman, tangu enzi za utawala wa Marekani. Unaifananisha nchi na ndege aliyefungiwa tunduni. Rais Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, kuuimba hadharani kulihesabiwa uchochezi. Hebu fikirini: mtu anaipenda nchi yake, anaogopa kuiimba!

Tarehe 21 Agosti 1983, mpinzani wa Marcos, Benigno Aquino, alipigwa risasi akishuka kwenye ndege mjini Manila. Watu walijaa barabarani, na "Bayan Ko" ukawa wimbo wao. Aguilar aliuimba pamoja nao. Mwezi Februari 1986 umati ulikaa barabarani siku nne, na tarehe 25 Marcos akakimbia nchi.

Baadaye Aguilar aliingia katika siasa, na wapenzi wake wengine hawakukubaliana naye. Mwaka 2019 aligombea useneta, akashindwa. Mimi naona gita lilimfaa zaidi.

Alisilimu mwaka 2013. Kwa hiyo alizikwa Kiislamu mjini Manila, siku ile ile aliyofariki.