Siri ya Kaya ni Amana ya Mdadisi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wadadisi wa kaya walipohitimisha mafunzo yao.)



Siku chache zijazo mtaingia katika nyumba za watu mkiwa na vishikwambi mikononi. Mtamwuliza mama umri wake, watoto aliowazaa na waliofariki, fedha anazopata na maradhi aliyonayo. Hayo ni mambo ambayo pengine hata jirani wa ukuta mmoja hayajui. Mama huyo atawajibu kwa sababu ameahidiwa kwamba siri yake itatunzwa. Leo nataka tuipime ahadi hiyo, maana wengi huitoa bila kuujua uzito wake.

Wako wanaodhani kwamba kutunza siri ya mwananchi ni hisani. La hasha! Ni sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha ya faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa habari za mtu kwa namna ya kumtambulisha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, wala zisiwekwe muda mrefu kuliko inavyolazimu. Sheria hiyo imeunda Tume, na mwananchi aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko yake huko.

Lakini sheria haiingii nyumbani kwa mtu. Anayeingia ni ninyi. Kwa hiyo nina mambo manne ya kuwausia.

Kwanza, msidanganyike kwamba kufuta jina kunatosha. Tuseme taarifa yenu inasema: kitongoji fulani, mwalimu wa kike, mjane, umri miaka 52, watoto saba. Jina halimo, lakini kitongoji kizima kimekwisha kumjua. Huko Marekani, mwaka 2000, mtaalamu Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa nchi ile wangeweza kubainishwa kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Ikiwa ndivyo katika nchi ya mamilioni ya watu, itakuwaje katika kitongoji cha kaya sitini? Ndiyo maana tunapochapisha matokeo hapana budi tuweke umri kwa makundi, tutaje wilaya badala ya kitongoji, na tusitoe jedwali ambalo ndani yake mmebaki mtu mmoja au wawili.

Pili, angalieni nani anasikiliza. Ni desturi yetu njema mgeni kupelekwa na mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa shina. Nasema hili kwa heshima kwa viongozi wetu: kazi yao ni kuwatambulisha, kisha waage. Kijana hatasema ukweli juu ya maradhi yake mbele ya balozi, wala mke juu ya kipigo mbele ya mumewe. Kiongozi anayeng'ang'ania kukaa kwenye mkeka mpaka mahojiano yaishe haisaidii Serikali, anaiharibia hesabu.

Tatu, habari iliyotolewa kwa kazi moja isihamishiwe kazi nyingine. Nchi iliyokuwa Ujerumani ya Magharibi ilipanga kuhesabu watu mwaka 1983, na sheria yake ikaruhusu majibu ya sensa yatumike pia kusahihisha daftari za wakazi. Wananchi walishitaki. Tarehe 15 Desemba, 1983, Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe ilikibatilisha kifungu hicho, ikatamka kwamba mtu ana haki ya kuamua habari zake zitumiweje. Sensa ilifanyika mwaka 1987 chini ya sheria mpya. Nasi tujifunze. Mfugaji akimtajia mdadisi ng'ombe wake leo, na wiki ijayo akamwona mtoza ushuru ana orodha ileile, mwaka ujao ng'ombe wote watakuwa wa shemeji yake.

Nne, kwa maswali mazito kuna ufundi wa kuuliza bila kumfichua mtu. Mtakwimu Stanley Warner alionyesha mwaka 1965 kwamba bahati nasibu inaweza kumlinda mjibuji. Mfano mmoja wa njia za namna hiyo ni huu: mwananchi arushe sarafu bila mdadisi kuiona. Ikiangukia upande wa picha ya kiongozi, aseme "ndiyo" vyovyote iwavyo. Ikiangukia upande wa pili, aseme kweli. Katika watu 1,000, kiasi cha 500 watasema "ndiyo" kwa sababu ya sarafu. Tukipata "ndiyo" 620, basi 120 katika wale 500 waliobaki ndio wenye jambo hilo, yaani asilimia 24 hivi. Taifa limepata hesabu yake, na hakuna ajuaye siri ya nani ni ipi.

Ndugu wadadisi, nimewahi kuona picha ya dodoso lililojazwa ikizungushwa katika kundi la simu, watu wakicheka. Aliyeipiga alidhani anafanya mzaha. Lakini baada ya hapo, mdadisi gani ataaminiwa katika kijiji kile? Watu hawatawafukuza, watawakaribisha, watawapa kiti, na watawadanganya. Na uongo ule ukifika kwenye mipango, zahanati itajengwa pasipo wagonjwa, na wagonjwa watabaki pasipo zahanati.

Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Ninyi ndio kata. Mkachote, lakini msimwage njiani.