Bunduki ya Kupigia Sungura katika Nchi ya Mvua



Mtu wa Afrika ya Mashariki asikiapo jina la sungura, humkumbuka yule mjanja wa hadithi, alalaye juu ya majani na kuitegemea miguu yake. Sungura wa mazungumzo haya ni mwingine. Huyu ni sungura wa Ulaya, ambaye wazao wake hufugwa katika vibanda huko Kenya kwa ajili ya nyama. Naye ndiye achimbaye mashimo chini ya ardhi, akazaa humo, na jioni akatoka kwenda kula. Katika Uingereza hahesabiwi kuwa mchekeshaji wa watoto. Jike huchukua mimba kwa muda wa siku 30 hivi, huzaa watoto watatu hata saba, na aweza kuzaa mara kadha katika mwaka mmoja. Wakulima wa kule hukadiria ya kuwa sungura wanane au kumi hula majani ya kumtosha kondoo mmoja.

Katika mwaka wa 1953 ugonjwa uitwao miksomatosi uliingia Uingereza, ukawaua karibu sungura wote wa porini. Waliosalia walikuwa wachache, lakini walizaana, na wajukuu wao wakawa na nguvu ya kuushinda. Serikali haikungoja jambo hilo litokee: sheria ya mwaka 1954 ilimpa mkaaji wa shamba wajibu wa kuwaua sungura wa porini walio katika ardhi yake, ama kuwazuia wasilete hasara. Wapo wanaotumia nyavu na vicheche wa kufugwa, na wapo wanaozungushia shamba waya. Lakini kwa wengi chombo cha kila siku ni bunduki ndogo ya .22.

Sasa kuna mvua. Katika Kenya watu husema Kericho ni nchi ya mvua, nako hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kijiji cha Seathwaite, katika milima ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, hupata zaidi ya 3,000. Mkulima wa pande hizo akingoja siku kavu ndipo awaangalie sungura wake, majani yatakuwa yamekwisha. Hana budi kutoka katika unyevu, na bunduki hutoka pamoja naye. Hapo ndipo uchaguzi wa bunduki unapokuwa jambo la maana, kwa sababu bunduki iliyo nzuri dukani yaweza kumdanganya mwenyewe baada ya kulowa mara tatu.

Kwanza yafaa ieleweke risasi hii ni ya namna gani. Katika risasi kubwa, fataki huwa kidude peke yake katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ndogo ya .22 fataki imetiwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, pande zote, na msumari wa bunduki huuponda ukingo huo ili kuiwasha baruti. Kwa hiyo ganda ni jembamba, bei ni nafuu, na kishindo ni kidogo. Risasi iliyo maarufu kuliko zote za namna hii ilitokea Marekani mwaka 1887, na mpaka leo haijaondolewa mahali pake. Kichwa chake ni cha madini ya risasi, uzito wake gramu 2.6 hivi, nacho kimepakwa nta au mafuta upande wa nje. Unyevu ukiingia ndani ya ganda, fataki au baruti yaweza kukataa. Mwenye busara huziacha risasi katika kisanduku chake, ndani ya mfuko wa koti ulio na kifuniko, wala hazitupi huru katika mfuko pamoja na matope na nyuzi.

Kuna risasi iliyo mpya zaidi, .17 HMR, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2002. Hii huenda mbio zaidi ya mara mbili ya ile ya .22 ya mwendo wa pole, na humfikia sungura aliye mbali mita 100 na zaidi karibu bila kushuka. Wengi wameipenda, na kwa shamba lililo wazi, lenye upepo na masafa marefu, hawakukosea. Lakini bei yake ni kubwa zaidi, huharibu nyama nyingi, na kwa kuwa huupita mwendo wa sauti, hutoa mlio mkali hewani usioweza kuzimwa na kizuia sauti. Tena tundu la mtutu wake ni jembamba mno, na tone la maji likikaa humo ni kizuizi. Kwa yule akaribiaye sungura kwa mita 50 au 60 katika vichaka na kuta za mawe, .22 yenye risasi za mwendo wa pole, zile zisizoupita mwendo wa sauti, hutosha kabisa. Sungura mmoja huanguka, na mwenzake hatua kumi mbali huinua masikio tu.

Akisha kuchagua risasi, mnunuzi na atazame kitako cha bunduki kabla ya kutazama jina la mtengenezaji. Kitako cha mti wa jozi ni kizuri machoni na chapendeza mkononi, wala hapana aibu kukitamani. Lakini mbao hunywa maji. Ikivimba husukuma mtutu, labda kwa unene wa ukucha tu, na risasi iliyokuwa ikienda mahali pake jana huenda kando leo. Kichwa cha sungura, palipo na shabaha ya kuua mara moja, ni sehemu ndogo ya sentimeta tano hivi. Kosa la sentimeta nne laweza kumpeleka mnyama shimoni akiwa na jeraha, afe humo polepole, na hilo ni jambo ambalo mpigaji aliye mtu mwema hawezi kulichukulia kuwa dogo. Kwa nchi ya mvua, kitako cha plastiki ngumu ni bora, ingawa kikigonga mlango hulia kama debe. Akiwa hapendi kuuacha mti, achukue kile kilichounganishwa kwa tabaka nyingi za mbao na gundi, kwani hakivimbi upesi. Dukani apitishe noti ya karatasi kati ya mtutu na mbao ya mbele. Noti ikipita bila kukwama mpaka karibu na chemba, mtutu uko huru.

Mtutu wenyewe na uwe wa chuma kisichoshika kutu upesi. Hapa pana udanganyifu kidogo wa wauzaji: chuma hicho nacho hushika kutu kikiachwa, ila huchelewa. Faida yake ni kumpa mtu aliyechoka nafasi ya kufika nyumbani, kula, na kuifuta bunduki usiku uo huo.

Kisha kuna swali la mtambo. Bunduki zijazazo zenyewe, kama Ruger 10/22 iliyotolewa tangu mwaka 1964, ni nyepesi na zina haraka. Walakini hutegemea nguvu ya risasi ili kusukuma komeo nyuma, na baadhi yake hazifanyi kazi vizuri kwa risasi za mwendo wa pole. Masizi hurudi ndani ya mtambo, yakachanganyika na mafuta na maji ya mvua, yakawa kama uji mweusi. Bunduki ya komeo la kuvutwa kwa mkono, kama zile zitengenezwazo na kampuni ya CZ ya Cheki, haina haja ya nguvu hiyo. Komeo hutolewa kwa mkono mmoja, hufutwa, hurudishwa. Katika giza na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, wepesi huo una thamani kuliko haraka ya risasi kumi.

Darubini na iwe iliyojazwa hewa ya naitrojeni na kufungwa ili ukungu usifanyike ndani, na iwe na vifuniko vya kufunguka kwa kidole. Ukungu wa nje ni mwingine: hutokea mtu akiitoa bunduki barazani penye baridi na kuipeleka katika chumba chenye moto, au akiipumulia wakati wa kulenga.

Kuhusu wakati, sungura hawapendi mvua kubwa, na wengi hukaa mashimoni. Mvua ikikatika jioni na upepo ukatulia, hutoka wakiwa na njaa. Ardhi iliyolowa hunyamazisha hatua za mtu. Lakini ardhi hiyo hiyo ina hatari. Risasi ya .22 ikigonga jiwe au maji yaliyotuama kwa pembe ndogo, haivunjiki. Huruka na kuendelea, nayo yaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu. Kwa hiyo mpigaji hulenga pale tu palipo na kilima cha udongo laini nyuma ya mnyama, akiwa ameona kwa macho, wala si kwa kudhani. Sungura aliye juu ya ukingo, na nyuma yake mbingu tupu, huachwa aende zake, hata kama ni wa kwanza kuonekana usiku mzima.

Bunduki hizi hazipatikani kwa fedha tu. Katika Uingereza sharti polisi watoe cheti, na mwombaji aeleze sababu njema; nayo sheria yataka zihifadhiwe mahali salama zisipotumika, kwa kawaida katika kabati la chuma. Kabati hilo, kwa mtu mvivu, ndiyo nyumba ya kutu. Bunduki iliyolowa ikifungiwa humo ndani ya mfuko wake wa kitambaa, asubuhi huonekana madoa mekundu. Mfuko na utundikwe mahali pengine. Mtutu upitishwe kitambaa kikavu, kisha kingine chenye mafuta kidogo. Chuma cha nje kifutwe. Na kizuia sauti kifunguliwe kabisa. Watu wengi husahau hili la mwisho. Baruti ikiungua hutoa mvuke, na mvuke hukaa ndani ya kizuia sauti pamoja na masizi. Kikiachwa mahali pake, maji hushuka mpaka mdomoni mwa mtutu na kuula ukingo wake, na bunduki yenye mdomo ulioliwa hailengi tena. Husimamishwa juu ya karatasi ya gazeti, mbali na moto, mpaka kikauke.

Kabla ya kutoka tena, kitambaa kikavu hupitishwa mara moja ili kuondoa mafuta, kwani risasi ya kwanza katika mtutu wenye mafuta huenda upande. Kisha risasi tatu hupigwa kwenye karatasi iliyo mita 50 mbali, mbele ya udongo, ili ijulikane kama darubini na mtutu vyakubaliana bado.