Taa moja juu ya mnara

Maneno tuliyowaambia wakaaji wa Lukafu, Lubumbashi



Leo hatusemi juu ya mashimo ya barabara. Tunasema juu ya anga. Helikopta ikipita chini-chini, watoto wanakimbia kuipungia mikono. Lakini tujiulize: rubani anaona nini kule juu?

Waya haoni. Waya wa umeme ni mwembamba, unapotea katika rangi ya miti na mawingu. Njo maana marubani wanafundishwa kutafuta nguzo kwanza, halafu wavuke juu ya nguzo yenyewe. Sasa mnara usio na rangi nyekundu na nyeupe, na usiku hauna taa, atauonaje?

Musiseme ni shida ya inchi maskini tu. Tarehe 16 Januari 2013, London, helikopta iliyogeuza safari ili itue kwenye kiwanja cha Battersea iligonga winchi ya ujenzi, mtaa wa Vauxhall, kukiwa ukungu. Rubani alikufa. Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu chini alikufa naye.

Sisi Wakongo tunajua hiyo. Januari 1996, soko la Simba Zikita, karibu na kiwanja cha Ndolo, Kinshasa. Aprili 2008, Birere, Goma. Novemba 2019, Mapendo, Goma tena. Zile zilikuwa ndege, si helikopta, na sababu zake ni zingine. Lakini waliokuwa chini hawakukata tiketi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

Kwanza, kila mnara na kila winchi viandikwe, rubani apate orodha kabla ya kuruka.

Pili, taa nyekundu ziwake usiku kucha, ziwe na betri. Umeme ukikatika, zisizimike pamoja na nyumba zetu.

Tatu, pale helikopta inatua, njia ya kuingia na kutoka ibaki wazi. Mtu asipewe ruhusa ya kupandisha ghorofa pale. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka hivyo, si sisi tuliozitunga.

Na sisi wenyewe tuko na kazi. Helikopta ikitua, tusiikimbilie: upepo wake unarusha mchanga na mabati. Tukiona mnara umezima taa, tupige picha, tuandike jina la avenyu, tupeleke kwenye komini. Wakinyamaza, tunarudi kesho. Na kesho kutwa.

Anga ni ya wote, na wanaoishi chini yake ni sisi.