Tuwachanje Binti Zetu Mapema
(Maongezi kwa vikundi vya kujisaidia, Riruta)



Leo tunataka tuongee juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Tunajua ni jambo la aibu kulitaja mbele ya watu. Lakini humu Kenya ugonjwa huu unaua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka, na wengi bado wana watoto wa kulea. Kikundi huchanga pesa za hospitali, kisha huchanga tena za mazishi.

Saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho hupitishwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wengine hukaa kimya miaka 15 hata 20, ndipo saratani inatokea. Mwanzoni hakuna uchungu wowote.

Ndiyo sababu msichana huchanjwa mapema, kabla hajakutana na kirusi hicho. Rwanda walianza mwaka 2011. Sisi tulianza na majaribio Kitui mwaka 2013, halafu Oktoba 2019 chanjo ikaenea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10. Katika vituo vya serikali ni bure.

Wazazi wanauliza: je, mtoto hatakuwa tasa? Hapana. Chanjo haina kirusi kilicho hai. Imetengenezwa kwa mfano wa ganda lake la nje tu. Saratani yenyewe ndiyo inayoharibu uzazi, maana mara nyingi kizazi hutolewa.

Wengine wanasema inawafundisha watoto uasherati. Kumlea mtoto katika mwenendo mwema ni kazi yetu, na sindano haiiondoi kazi hiyo. Tukumbuke pia kwamba hata msichana aliyejitunza anaweza kuambukizwa na mumewe.

Shida nyingine ilikuwa kurudi. Wasichana wengi walidungwa sindano ya kwanza, ile ya pili baada ya miezi sita wakaikosa. Uchunguzi uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu ulionyesha kwamba hata sindano moja inakinga sana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali moja inaweza kutosha. Mwenye virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya moja. Muulizeni muuguzi.

Basi tufanye nini? Kitabu cha kikundi kinaonyesha nani amelipa na nani bado. Tufungue ukurasa mwingine, tuandike wasichana wetu wote wa miaka 10 hadi 14: nani amechanjwa, nani bado. Asiye na mzazi tumpeleke sisi.

Na kina mama kuanzia miaka 25, chanjo ya binti haikukingi wewe. Nenda ukapimwe. Mlango wa kizazi hupakwa siki, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema, inatibika.

Tusingoje kuchanga pesa za jeneza.