Maneno Yaliyosemwa Siku ya Kukumbuka Makobola



Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, askari waliua raia katika vijiji vya Makobola, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema waliokufa walizidi 800. Sisi tuliojificha mlimani tulihesabu kwa kutazama nyumba zisizotoa moshi asubuhi. Mama yangu mkubwa alikuwa ameloweka mihogo. Tuliporudi tuliikuta imeoza, yeye hayupo. Wengi tuliwazika pamoja, bila sanda, kisha tukavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma.

Ninyi wa mashirika, mnapotuomba cheti cha kifo, mjue hapakuwa na mtu wa kukiandika.

Komiti imefungua daftari la majina. Kila mtu alete jina la ndugu yake. Kwa mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina, tutaandika la mama yake. Daftari liko kwa katibu hadi Jumamosi.