Utumbo Ukikatwa, Chakula Kinakwenda Wapi?

(Mazungumzo ya mganga wa zahanati na wanakijiji)



Ndugu yetu mmoja amerudi kutoka hospitali. Alikuwa na ngiri. Akaificha kwa aibu mpaka utumbo ukanasa, ukakosa damu, ukaoza. Madaktari walikata sehemu iliyooza, wakaunganisha ncha mbili zilizobaki. Sasa nasikia watu wanasema: "Huyu hana tumbo tena, apewe uji tu." Jamani! Mkimpa uji mtupu kila siku mtammaliza.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Humo ndimo chakula kinamosagwa na kunyonywa, kikaingia katika damu. Utumbo mpana ni kama mita 1 na nusu, nao hunyonya maji na chumvi. Kikikatwa kipande kifupi, kwa kawaida mtu hupona akala kama zamani. Ikikatwa sehemu kubwa, chakula hupita upesi kabla hakijanyonywa. Ni kama mvua kwenye shamba la mteremko: maji yanakimbia, udongo haunywi. Mtu anakula, lakini anaharisha na kukonda.

Utumbo uliobaki huzoea kazi polepole, pengine kwa mwaka 1 au 2. Muda huo ale kidogo kidogo, hata mara 6 kwa siku: wali, ugali, ndizi, mayai, samaki. Soda na chai ya sukari nyingi zinazidisha kuhara. Akiharisha sana, maji matupu hayatoshi. Chukua lita 1 ya maji safi, tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha.

Jana mama mmoja aliniuliza: mbona shangazi alipona vizuri, halafu baada ya miaka akapungukiwa damu, miguu ikafa ganzi? Huenda alikatwa mwisho wa utumbo mwembamba. Hapo ndipo vitamini B12 inaponyonywa. Akiba yake hukaa katika ini kwa miaka, kisha inaisha bila mtu kujua. Tiba ni sindano, mara nyingi za maisha yote. Basi itunzeni karatasi ya hospitali. Imeandikwa sehemu iliyokatwa. Mimi siwezi kukisia kwa kutazama kovu.

Na wewe mwenye ngiri unayeificha: ikiwa ngumu, ikauma, ikakataa kurudi ndani, nawe unatapika, usingoje asubuhi. Nigongee mlango hata usiku, tutafute gari.