Mazungumzo ya Kamati Juu ya Butura, Madeni na Matumizi ya Nyumbani

(Yalisomwa mbele ya wanachama ghalani. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo hatukuja kuzungumza mizani wala magunia yaliyochanika. Tumekuja na jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja kwa sauti, yaani madeni yetu ya nyumbani. Na tuanze kwa kujisema sisi wenyewe. Katika kamati hii ya watu saba, watatu tumewahi kuuza kahawa ikiwa bado maua. Kwa hiyo asije mtu akadhani tumesimama hapa kumhubiria.

Mgeni asiyeujua mkoa wetu wa Kagera huuliza butura ni kitu gani. Ninyi hamna haja ya kuelezwa. Mtu anakuja Januari au Februari wakati ndani hamna kitu, anakupa fedha mkononi, nawe unamwahidi magunia ya kahawa itakayovunwa kuanzia Mei. Serikali imepiga marufuku mara nyingi na viongozi wamesema sana mikutanoni. Butura ipo palepale. Sababu yake tutaifikia, lakini kwanza hesabu.

Tuchukue mfano, bei tumeiweka ya kukisia tu. Mwanachama amechukua shilingi 120,000 mwezi wa kwanza ili mtoto aende shule. Ameahidi magunia matatu ya maganda, kila gunia kilo 50. Mwezi wa saba anayatoa. Kama bei ya siku hiyo ni shilingi 3,000 kwa kilo, kilo 150 ni shilingi 450,000. Alipewa 120,000, amerudisha 450,000. Tofauti ni 330,000 kwa miezi sita, ndiyo kusema 55,000 kila mwezi. Hebu sasa tuchukue fedha hiyohiyo kutoka kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi, ambayo nayo ni riba kubwa. Riba ni 12,000 kwa mwezi, miezi sita 72,000. Angelipa 192,000 na kubaki na 258,000 ndani ya nyumba. Hiyo ni mabati, jamani.

Na ubaya wake hauishii hapo. Bei ikipanda, faida yote ni ya mwenye fedha. Mvua ikiharibu mavuno, bado anadai magunia yake matatu, na yaliyopungua yanahamia msimu ujao, mara nyingi yakiwa yameongezeka. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo hazijaleta gunia lake lenyewe hapa ghalani kwa misimu kadhaa. Wanapalilia, wanavuna, wanaanika, wanambebea mwingine.

Sasa kwa nini watu wanaendelea? Wengine watasema ni ujinga. Sisi tunakataa. Mtoa butura ni jirani. Ukimgongea usiku mtoto anaungua homa, anafungua mlango, anakupa, haulizi fomu wala wadhamini wawili. Ukija kwenye chama unaambiwa mwenye ufunguo amekwenda Bukoba. Na msimu uliopita sisi wenyewe tulichelewa kuwalipa wiki saba. Mlikuja mkaambiwa kesho, mkarudi mkaambiwa Jumatatu. Wapo waliokwenda kuuza maua ya msimu unaofuata kwa sababu ya wiki zile saba. Hilo ni kosa letu, tunalikiri hapa mbele yenu, na limeandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Wazee wanakumbuka pia kwamba imani kwa ushirika iliwahi kukatwa kutoka juu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu aliyeona hayo hawezi kulaumiwa akiuliza fedha yake iko wapi.

Pamoja na butura kumeingia hii mikopo wanayoiita kausha damu. Jina wamelitoa wakopaji wenyewe, si sisi. Akina mama wa gengeni wanaijua zaidi. Unaambiwa utapewa 100,000, inakatwa 5,000 ya fomu, unapokea 95,000. Halafu unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Watu wanaona 5,000 kwa siku ni kidogo. Lakini angalia: siku ya 13 umekwisha kurudisha 65,000, mkononi huna tena ile laki, na riba ni ileile kana kwamba bado unaishika yote. Isitoshe mkulima hana mapato ya kila siku! Muuza dagaa anaweza kujaribu. Mwenye kahawa na mikungu miwili ya ndizi kwa wiki ataipata wapi hiyo 5,000? Ataikopa kwa mwingine. Hapo ndipo mtu anakuwa na madeni matatu yanayolishana.

Iko sheria, na ni vizuri mkaijua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili, nao Benki Kuu iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni shilingi 3,500. Linganisheni wenyewe na ule mfano wa 130,000. Mtu akija na pikipiki kukukopesha, mwambie akuonyeshe leseni, na umsomeshe kijana wako wa sekondari. Usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo haijajazwa. Usimpe kitambulisho chako akaondoka nacho. Nakala ya mkataba ibaki kwako.

Na kibanja je? Hili limetuumiza zaidi. Tumesikia baba ameweka kibanja rehani na mama hajui, amejua siku watu wamekuja na kamba kupima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama, ukisikia habari hiyo usikae jikoni ukilia, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji mapema. Na baba, migomba ile ndiyo chakula cha watoto. Kahawa ikienda utavuna mwakani. Kibanja kikienda, mwakani utavuna wapi?

Tuje kwenye matumizi. Taabu yetu sisi watu wa kahawa ni kwamba fedha inakuja mara moja na tumbo linakuja kila siku. Nyumba iliyopata shilingi 900,000 mwezi wa nane inajiona tajiri. Gawa kwa miezi 12: ni 75,000 kwa mwezi. Hapo ndipo mtu anashtuka. Na mwezi wa nane ndio wa harusi, ndio wa kadi za michango kutoka kila upande, ndio wa kununuliana bia pale barabarani hadi mtu anamnunulia hata anayemdai.

Tunaijua nyumba moja hapa kijijini, hatutaitaja, ambayo haijauza maua kwa miaka minne, na kahawa yao si nyingi kuliko ya kwako. Wanafanya hivi. Siku ya malipo mume na mke wanakaa wote wawili, hela iko mezani. Kwanza wanatoa deni lililo ghali kuliko yote, hata kama mwenye deni lingine ndiye anayepiga kelele zaidi. Pili wanatoa fedha ya Januari. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari, nauli na michango haikuondoka. Fedha hiyo wanaipeleka kwenye kikundi siku ileile, haikai ndani ya nyumba, kwa sababu fedha iliyo ndani inasikia kila shida inayobisha hodi. Tatu ni palizi na matibabu. Kinachobaki ndicho cha kula na cha michango, na kikiisha kimeisha. Chumvi, sabuni na viberiti vinatoka kwenye ndizi, havigusi kahawa. Maharage ya Januari hawauzi yote. Mchango wa msiba wanatoa siku zote. Wa harusi wanatoa kidogo, na mke anasema waliwahi kununiwa na ukoo mzima, ikapita.

Kwa habari ya mikopo nafuu, akina mama na vijana msisahau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anzeni na usajili kabla ya shida kufika.

Sasa pendekezo letu. Tunaomba kila mwanachama akubali kuacha shilingi 50 kwa kila kilo atakayouza msimu huu, ziwe Mfuko wa Januari. Mwenye kilo 300 anaacha 15,000. Januari anarudishiwa yote, na mwenye shida anaweza kukopa humo kwa asilimia 2 kwa mwezi hadi mavuno, asiende kuuza maua. Mzee mmoja aliuliza kikaoni: "Na mkizila?" Swali zuri. Sanduku litakuwa na kufuli tatu, na funguo zitashikwa na watu watatu ambao si wanakamati, mtakaowachagua ninyi. Kila mwisho wa mwezi kiasi kilichomo kitaandikwa hapahapa ukutani. Kisipoandikwa, mtuulize mbele ya watu.

Pia tunataka kujua ukubwa wa jambo. Aliyekwisha kuuza maua ya msimu huu aje atueleze amechukua kiasi gani na ameahidi magunia mangapi. Majina hayatabandikwa. Tukishapata jumla, kamati itakwenda pamoja na mtendaji wa kijiji kuwaomba wenye fedha wapokee fedha yao na riba ya haki badala ya magunia. Baadhi watakataa. Wawili tumekwisha kuongea nao, mmoja amekubali.

Daftari liko kwa katibu Jumanne na Ijumaa asubuhi. Anayeona haya kuja mchana, katibu yuko nyumbani kwake baada ya saa moja usiku. Mje na kalamu, ya chama imekwisha wino.

Kamati ya Chama